Amri za shell ndani ya Python: funksheni moja yatosha

Wenzangu mnaoandika skripti za Python hapa Kisumu, acheni kutawanya os.system (njia ya kuita amri za shell, yaani programu ya kompyuta inayopokea amri za maandishi) kila pembe. Andikeni funksheni moja fupi, iiteni endesha, na ndani yake mtumie subprocess.run, chombo cha Python cha kuendesha programu nyingine. Ipokee amri kama orodha, si sentensi moja ndefu: cp (amri ya kunakili), kisha jina la faili, kisha folda. Hapo faili inayoitwa "mauzo ya Kibuye.csv" itapita salama; lakini ukiiandika ovyo katika sentensi, shell huikata kwenye kila nafasi na kuona faili tatu. Nayo shell=True, inayopitisha amri kwenye shell, iepukeni kabisa ikiwa jina linatoka kwa mteja, maana nukta-mkato (;) moja tu humwezesha kuchomeka amri yake mwenyewe.

Wekeni check=True, ili amri ikifeli skripti isimame papo hapo. os.system hurudisha namba tu ya kuonyesha kama amri imefaulu, na nani huisoma? Kuanzia Python 3.7 kuna capture_output na text, za kupokea matokeo kama maandishi. Msisahau timeout (kikomo cha muda wa kusubiri), hasa kwa curl na rsync, amri za kuhamisha data kupitia mtandao: mtandao ukizubaa, skripti haitaning'inia hadi asubuhi.