Kuanza Kusomea Uhasibu Chuoni Malindi

Anayetaka kusomea uhasibu katika chuo cha ufundi hapa Malindi aulize, kabla hajalipa karo, iwapo kozi yenyewe humwandaa kwa mitihani ya KASNEB, bodi ya Kenya ya mitihani ya uhasibu iliyoundwa mwaka 1969.

Muhula wa kwanza aukazanie uandishi wa pande mbili: mchuuzi akichukua samaki wa shilingi 3,000 kwa deni kutoka kwa mwenye mashua, akaunti ya manunuzi huandikwa debiti (upande wa kushoto) 3,000, na ya mwenye mashua krediti (upande wa kulia) 3,000. Mazoezi haya ayafanye kwa kalamu kila jioni. Kompyuta, kwa maoni yangu, ingoje.

Urari, yaani orodha ya salio za akaunti zote, usipolingana kati ya debiti na krediti, tofauti aigawanye kwa 9. Ikigawanyika bila baki, huenda tarakimu zimepishana, mfano 540 ikaandikwa 450.