Unapiga chelo na unataka kufundisha watoto? Anzia hapa

Usianze na nota. Anza na kiti. Mtoto akikaa miguu inaning'inia hakuna kitu hapo, nyayo zote zikanyage sakafu, na chelo (ile fidla kubwa inayopigwa ukiwa umekaa) iwe saizi yake, kuna robo, nusu, robo tatu mpaka ile kamili, usimpe kubwa eti atakua nayo, vidole vitamuuma ataichukia mapema.

Upinde, kile kijiti cha kusugulia nyuzi, sasa ndo kazi kwelikweli. Mimi huwa nawapa penseli kwanza, gumba limekunjwa kidogo, vidole vingine vimelala tu juu kama vimechoka, wakishazoea ndo tunashika upinde wenyewe na kuvuta taratibu kwenye nyuzi tupu (bila kuzibonyeza kwa kidole), kutoka ile nene: Do, Sol, Re, La. Nyumbani dakika 10 kila siku zinatosha, saa nzima mara moja kwa wiki haisaidii kitu.

Shoo zako je? Piga mazoezi yako asubuhi kabla wanafunzi hawajaja, jioni masikio yameshachoka (na uvumilivu pia, tusidanganyane). Wiki ya shoo waambie wazazi mapema kwamba unahamisha vipindi, na ukiweza mwalike mtoto aje akuone jukwaani, kipindi kinachofuata anakaa wima bila kuambiwa.