Kupanda tena katika kazi ya mauzo Zanzibar baada ya kuhamahama na kupunguzwa kazini

Msambazaji wa bidhaa anaposoma wasifu wenye waajiri watano ndani ya miaka sita, swali linalomjia ni hili: nikimkabidhi mtu huyu gari, kitabu cha oda na mali kauli, yaani bidhaa zinazotolewa kwa mkopo, ya mamilioni ya shilingi katika maduka ya Darajani, Mlandege na Mwanakwerekwe, ataondoka lini, na siku atakayoondoka madeni yangu yatakuwa mikononi mwa nani? Anayetafuta kazi ya mauzo kwa mara ya sita hana budi kulijibu swali hilo kabla halijaulizwa, na jibu lake liwe la karatasi na hesabu, kwa sababu maneno mazuri ndiyo kazi yetu, na kila mwajiri anajua kwamba muuzaji hayakosi.

Mimi niliulizwa swali hilo mara tatu mwaka 2020. Nilikuwa nimeshapita katika simu, vinywaji na vifaa vya ujenzi kabla ya kuingia katika kuuza mashuka, taulo na sabuni kwa hoteli za pwani. Mwezi wa Aprili mwaka ule, ndege za kimataifa zilipositishwa kwa sababu ya maradhi ya korona, oda zilikatika na nikapunguzwa pamoja na wenzangu. Mara mbili za mwanzo nilijieleza kwa unyonge na nikakosa kazi. Ninayoyaeleza hapa ndiyo yaliyonipa kazi mara ya tatu na kunifikisha baadaye kwenye usimamizi wa mauzo, nami nayaandika kwa ajili ya mwenzangu aliyekaa nyumbani hivi sasa akidhani kwamba wasifu wake umemfungia mlango.

Anza kwa kuifunga vizuri kazi uliyopunguzwa. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Nam. 11 ya mwaka 2005, na ina mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF. Kwa hiyo jihadhari na ushauri unaozunguka katika simu ukizungumzia NSSF na sheria za Tanzania Bara, maana hautakufaa utakapofika mbele ya ofisa wa Kamisheni ya Kazi. Omba barua inayotaja wazi kwamba ajira imekoma kwa sababu ya kupunguza wafanyakazi, pamoja na cheti cha utumishi chenye cheo chako na tarehe za kuanza na kumaliza. Pita ZSSF uhakikishe kwamba michango ya miezi yote imepelekwa. Kisha kuna jambo ambalo wauzaji wengi hulisahau kwa sababu ya simanzi ya siku ile, nalo ni kamisheni ya oda walizozifunga wao lakini fedha zake zitaingia baada ya wao kuondoka. Ziorodheshe mteja kwa mteja, ankara kwa ankara, na umwombe mhasibu atie saini kabla hujakabidhi funguo.

Makabidhiano ya madeni yana uzito kuliko yote hayo. Andika jina la kila duka, kiasi kinachodaiwa, tarehe ya ankara na ahadi ya mwisho aliyoitoa mwenye duka. Kisha mpitishe kwa wateja huyo atakayekurithi, mkasalimiane na kuoneshana madeni ana kwa ana, hata kama umeumizwa na hata kama siku zako za notisi zimebaki mbili. Unguja ni ndogo. Mwajiri anayetaka kujua habari zako hasubiri barua ya mdhamini, bali humuuliza mwenye duka anayemuuzia, na mwenye duka atasema aidha kwamba uliaga na kukabidhi vizuri, au kwamba siku moja simu yako iliacha kupokewa. Neno hilo moja lina uzito kuliko vyeti vyote ulivyovipata skuli na chuoni.

Baada ya hapo ndipo ukae na wasifu. Usifiche ajira yoyote wala usirefushe tarehe, kwa kuwa uongo huo hugunduliwa kwa simu moja. Lakini pia usiziache ajira zako zikasomeka kama mkururo wa kukimbia. Kama ulifanya kazi za msimu katika hoteli au kampuni za kutembeza wageni, ziweke chini ya kichwa kimoja cha mikataba ya msimu, pamoja na miaka yake, maana kila mtu hapa anafahamu kwamba mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, hupunguza wageni na baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Mbele ya kila ajira iliyobaki, weka sababu ya kuondoka kwa sentensi fupi: mkataba ulimalizika, kampuni ilifunga tawi la Pemba, wafanyakazi walipunguzwa. Pale ulipoondoka kwa hiari yako kwa sababu ya mshahara, sema hivyo pia. Mtu mzima anayeheshimu kazi hulielewa jambo hilo, na linapojirudia mara moja au mbili tu halimtishi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo ilivyo kwa kazi ya muuzaji. Tofauti kati ya muuzaji aliyehamahama akaambulia kitu na yule aliyehamahama bure ni kumbukumbu za hesabu. Kuandika kwamba uliongeza mauzo hakumwambii mwajiri lolote. Mweleze, kwa mfano, kwamba ulipokea njia ya mauzo yenye maduka 18 yanayonunua kila wiki na ukaiacha baada ya miezi 11 ikiwa na maduka 31, na kwamba madeni yaliyozidi siku 30 yalishuka kutoka milioni 9 hadi milioni 2. Kama huna takwimu kamili, zikumbuke kwa kupitia ujumbe wa simu, risiti za malipo na ripoti zako za wiki, na uandike tu kile ambacho aliyekuwa msimamizi wako angekithibitisha. Hesabu ya madeni yaliyokusanywa ina nguvu kuliko hesabu ya mauzo, na nasema hili kwa yakini: kuuza kwa mali kauli ni rahisi, kila mwenye duka hupokea mzigo asioulipia, lakini anayerudi na fedha bila ya kumpoteza mteja ndiye anayetafutwa. Orodha ya wateja ya mwajiri wa zamani, hata hivyo, iache kwake. Mwajiri mpya anayekushawishi umletee ataamini kwamba na yake utaihamisha.

Katika usaili, swali la kwa nini hukai kazini litakuja, na jibu lake lisizidi dakika moja. Sema ukweli wa jumla, kisha ulichojifunza, kisha kwa nini unataka kazi hapa. Nilichosema mimi mara ya tatu, baada ya kumwamkia mwenye kampuni kwa heshima anayostahiki mtu wa umri wake, kilikuwa hivi: "Bwana, ni kweli nimehama mara nne katika miaka michache. Mara mbili nilifuata mshahara, mara moja mkataba ulimalizika, na safari hii tumepunguzwa wote. Katika kuhama huko nimejua kwamba ninachokiweza ni kuwauzia wanunuzi wa hoteli, na ndiyo maana sikuomba kazi ya simu ingawa ipo. Haya ni madeni niliyoyakabidhi, na huyu ndiye aliyeyapokea." Usimseme vibaya mwajiri wa zamani, kwa kuwa anayekusikiliza huenda ni jamaa yake, jirani yake au mshirika wake katika shehena.

Ili jibu hilo liwe la kweli, lazima uchague soko moja ulijue kwa undani, pamoja na majira yake. Wanunuzi wa hoteli za Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani hununua vifaa na kufanya ukarabati kabla wageni hawajarudi mwezi wa Juni na Julai, kwa hiyo muuzaji wa vifaa hivyo aombe kazi mapema mwaka unapoanza, akiwa na muda wa kujuana na wateja kabla ya oda. Maduka ya nguo na vyakula hujaza mizigo kabla ya Ramadhani. Kwa Pemba, fedha huingia vijijini wakati ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, linaponunua karafuu, na maduka ya Chake Chake na Wete huuza mabati, saruji na magodoro kwa kasi ambayo hutaiona miezi mingine. Mtu wa Unguja anayekubali kupangiwa Pemba hupata uwanja wenye ushindani mdogo, nami nashangaa kuona wengi wakiikataa nafasi hiyo. Lugha nayo husaidia: Kiitaliano cha kujieleza, hasa kwa hoteli za Kiwengwa, kimewafungulia njia wauzaji ninaowafahamu.

Kabla ya kutia saini mkataba, uliza kamisheni inahesabiwa oda inapotoka au fedha inapoingia, lengo la mwezi wa Aprili linalingana na la Agosti au hapana, nani anabeba deni la mteja aliyefunga duka, na mafuta ya gari yanalipwa na nani. Kazi zangu mbili niliziacha kwa sababu ya majibu ambayo ningeyapata siku ya kwanza lau ningeuliza.

Ukishaingia, nuia kukaa miaka miwili, yaani masika mawili na misimu miwili ya wageni, kwani kabla ya hapo hakuna anayeweza kukuhukumu wala kukupandisha. Usisubiri cheo ndipo ufanye kazi ya cheo. Jitolee kumfundisha muuzaji mpya njia yako, andika ripoti ya wiki hata kama haijaombwa, na omba uende na msimamizi anapojadiliana bei na mteja mkubwa. Masika ya pili yanapofika, wakati ofisi ina utulivu, omba kuonana na mkuu wako, umwekee mezani hesabu za miezi yote na umwombe kwa jina nafasi unayoitaka. Na pengine katikati ya msimu atakuja mtu kukuahidi mshahara mkubwa zaidi. Mimi alinijia mwezi wa nane wa kazi yangu. Nilimshukuru, nikamwambia kwamba nina oda za hoteli sita ambazo bado hazijalipwa, na nikamwomba anitafute zitakapokwisha kukusanywa.