Jinsi ya kukisia MacBook Air mpya inatoka lini

Kabla hujatoa hela yako, angalia kwanza kalenda. Air yenye chipu ya M1 (chipu ndiyo ubongo wa kompyuta) ilitoka Novemba 2020, M2 ikaingia sokoni Julai 2022, M3 Machi 2024, M4 Machi 2025, yaani mwanzoni Apple walikuwa wanakaa kama miezi 20 halafu ghafla ikawa mwaka mmoja tu, kwa hiyo kuhesabu miezi peke yake kutakudanganya.

Dalili ninayoiamini zaidi ni MacBook Pro, ile laptopu yao yenye nguvu zaidi. Chipu ya M3 ilianzia kwenye Pro mwishoni mwa Oktoba 2023, Air ikaipata Machi. M4 nayo Pro iliipata kabla ya Air, Pro Oktoba 2024, Air Machi 2025. Ukiona Pro imeshapewa chipu mpya na Air bado, na wewe laptopu yako inawaka vizuri tu, vumilia miezi kama mitano hivi.

Pia cheki tarehe ya kuletewa mzigo kwenye duka lao la mtandaoni, ukiona modeli za kawaida kabisa zimeanza kusogezwa wiki mbili tatu mbele, mara nyingi stoku ya zamani inaisha. Punguzo la bei lenyewe halitoshi, maduka yanapunguza kila Novemba.

Ila usiangalie chipu tu jamani! Oktoba 2024 Air za M2 na M3 zilipandishwa ramu ya kuanzia kutoka GB 8 hadi 16 kwa bei ile ile, bila modeli mpya kutoka. Kama ya kwako imekufa na una kazi za watu, nunua leo.