Namna ya kufunga hesabu za duka kila jioni bila kuzisogeza kesho

Nauza pembejeo Uyole, Mbeya. Kubeba mifuko ya kilo 50 hakujawahi kunishinda. Kilichonishinda ni daftari. Juni na Julai, jioni baridi ya huku inapoanza kung'ata, nilikuwa nasema nitaandika kesho, na kesho ikawa wiki. Kuna mzee alinilipa, sikuandika, nikaja kumdai tena mbele za watu. Sitaki yamkute mwingine.

Hatua ya 1: Jua unachokikimbia.
Fungua daftari uangalie ni mstari gani unaokufanya ulifunge. Mimi kujumlisha hakukunisumbua, yalinisumbua majina. Viazi mviringo hukaa shambani miezi mitatu hadi minne, na wateja wengi huchukua mbolea mali kauli, walipe wakivuna. Kila ukurasa nakutana na jirani ambaye sijui nitamwanzaje. Mtafiti wa Kanada, Timothy Pychyl, anaeleza kwamba anayeahirisha kazi huwa anaikimbia hisia mbaya inayokuja nayo. Nilipolielewa hilo niliacha kujiita mvivu, nikazitenga kazi mbili: hesabu za leo jioni, kudai madeni asubuhi.

Hatua ya 2: Ifunge kazi kwenye jambo ambalo lazima litokee.
Hapa ndipo penye nguvu yote. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi", kwamba humsaidia mtu kutenda kuliko nia peke yake. "Nitafunga hesabu jioni" ni nia tu. Jioni ni ndefu, ina wageni na ina chai. Mpango wangu ni huu: nikishashusha mlango wa duka nusu, kabla sijavaa koti, nahesabu noti za droo. Koti nimelitundika juu ya daftari kwa makusudi, siwezi kulichukua bila kuliona. Wewe tafuta lako: kuzima jiko, kuingiza mizani ndani, chochote kisichokosa kutokea kila siku.

Hatua ya 3: Acha daftari wazi kwenye ukurasa wa kesho, tarehe imeshaandikwa, kalamu juu yake.

Hatua ya 4: Weka kengele ya simu.
Francesco Cirillo wa Italia alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akafanya kazi dakika 25 kisha akapumzika. Kwa duka dogo 15 zinatosha: mauzo taslimu, miamala ya simu, matumizi, mali kauli. Kengele ikilia, simama hata kama hujamaliza.

Hatua ya 5: Simu ya deni.
Piga moja tu kwa siku, saa tatu asubuhi, na sentensi ya kwanza iwe imeandikwa. Yangu: "Shikamoo baba, ni mimi wa dukani Uyole. Viazi vinaendeleaje? Nimepiga kuhusu ile mifuko miwili, tuone tunapangaje." Ukianza na shamba lake, mara nyingi deni atalitaja mwenyewe. Akisema bado, andika tarehe aliyokupa umshukuru. Wengi hawakatai kulipa, nao wanaona haya kukupigia.

Hatua ya 6: Ukiruka siku, jioni inayofuata andika ya siku hiyo tu. Ya jana iwekee alama pembeni, uimalizie Jumamosi mchana kabla ya kwenda kufuata mzigo Mwanjelwa.