Umefuta faili, diski bado imejaa: ni snapshoti

Natunza seva ya studio ndogo ya video za harusi hapa Mwanza. Jumatatu moja kijana wetu wa kuhariri alinijia: "Kaka, nimefuta harusi tatu nzima, mbona seva bado inalia imejaa?" Kweli, alikuwa amefuta karibu GB 600 za video ghafi, na nafasi haikusogea hata kidogo.

Kosa lilikuwa langu. Seva yetu inatumia ZFS, mfumo wa kuhifadhi faili kwenye diski. Niliweka cron (programu inayoendesha amri kwa ratiba) ipige snapshoti, yaani picha ya hali ya faili kwa wakati ule, kila saa, nikasahau kuandika mstari wa kuzifuta. Miezi mitano, karibu snapshoti 3,600.

Snapshoti hainakili faili. Inazuia tu data iliyokuwepo saa ile isiguswe, ndiyo maana inapigwa papo hapo na mwanzoni haili nafasi. Ukifuta faili, jina linatoka kwenye folda, lakini data yake inabaki hadi snapshoti ya mwisho inayoishika ifutwe.

Anza hapa (data ni jina la hifadhi yetu, weka la kwako):

zfs list -o space -r data

Tazama safu ya USEDSNAP, nafasi inayoliwa na snapshoti. Kwetu ilisoma 1.4T. Kisha orodhesha snapshoti zenyewe za dataseti (sehemu ya hifadhi yenye mipangilio yake) ya video:

zfs list -t snapshot -o name,used -s creation data/video

Hapa ndipo nilipochanganyikiwa. Kila moja ilionyesha MB chache, na zote kwa pamoja hazikufika GB 10. Hiyo 1.4T iko wapi? USED ya snapshoti inahesabu data iliyoshikwa na snapshoti hiyo peke yake. Video inayoshikwa na mbili au zaidi haiandikwi kwenye yoyote. Ni ng'ombe aliyefungwa kamba mbili: kata moja, bado yupo pale pale.

Kwa hiyo usizifute moja moja kwa kubahatisha. Iulize ZFS kwanza:

zfs destroy -nv data/video@s-0301-00%s-0331-23

Alama ya % inachukua zote kuanzia ya kwanza hadi ya pili. Herufi n inazuia ufutaji, v inakutajia kila itakayoondoka na mwishoni inaandika "would reclaim" na kiasi. Soma majina yote, hata kama ni mengi, kwa sababu ukishaitoa n hakuna kurudi nyuma. Ikiwa kuna ya mteja ambaye hajamaliza kulipa, ifunge kwa zfs hold. Haitafutika mpaka utumie zfs release.

Baada ya kufuta, usishtuke nafasi ikirudi polepole. zpool get freeing data inaonyesha kiasi kinachosubiri kuachiliwa.

Siku hizi natumia Sanoid, programu inayopiga na kufuta snapshoti kwa ratiba: hourly = 36, daily = 14, monthly = 2, na autoprune = yes. Huo wa mwisho ndio unaofuta za zamani; ukiuweka no, utarudi kulekule kwangu. Video ghafi nimezitenga kwenye dataseti yake, snapshoti za siku 7 tu, maana hizo zinaingia mara moja, zinakaa, kisha zinafutwa kwa mkupuo. Kache ya programu ya kuhariri inabadilika kutwa nzima na haina thamani yoyote. Nayo ina dataseti yake, isiyopigwa snapshoti kabisa.

Kikomo cha nafasi ya wahariri nimekiweka kwa refquota badala ya quota. Quota inahesabu na snapshoti, kwa hiyo kijana anafuta faili zake na bado anaambiwa amejaza.