Kuendesha mkanda wa kiwandani kwa mawimbi ya ubongo

Ubongo hauendeshi mota. Unachofanya ni kuchagua amri: nenda, rudi, simama. Yanayobaki yote ni kazi ya mashine.

Nitatumia njia ya taa za kumweka, kwa sababu mtumiaji hahitaji kujifunza kwa muda mrefu. Akikazia macho taa inayomweka mara 12 kwa sekunde, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona hutoa wimbi la hezi 12 hizohizo. Kabla ya yote, muulize kama ana kifafa. Akiwa nacho, usimtumie njia hii kabisa. Mwanga wa kumweka unaweza kumwangusha.

Hatua ya 1: Elektrodi, yaani vipande vidogo vinavyopokea umeme wa ubongo kupitia ngozi. Weka tatu kisogoni (O1 kushoto, Oz katikati, O2 kulia), moja ya rejea, ya kulinganishia, kwenye ndewe ya sikio, na moja ya ardhi kwenye paji la uso. Tenga nywele, sugua ngozi polepole, tia jeli, hadi ukinzani wa umeme kati ya elektrodi na ngozi ushuke chini ya kiloomu 10. Usiharakishe hapa. Unatafuta umeme wa mikrovolti chache tu, na jeli iliyokauka inatosha kuufukia.

Sasa mwambie afumbe macho. Kwa watu wengi, mstari wa umeme wa ubongo uliokuwa ukitetemeka ovyo kwenye kompyuta unageuka mawimbi makubwa yanayopanda na kushuka kama mara 10 kwa sekunde; akifumbua, yanatoweka. Daktari Mjerumani Hans Berger aliyaeleza mawimbi haya mwaka 1929, na mpaka leo sijapata kipimo bora cha kujua kama nimefunga elektrodi vizuri. Usipoyaona, kagua jeli kwanza.

Hatua ya 2: Masafa. Taa zetu ni alama zinazomweka kwenye skrini. Skrini ya hezi 60, inayojichora upya mara 60 kwa sekunde, humweka sawasawa kwa masafa yanayotokana na kugawanya 60 kwa namba kamili. Chukua 7.5, 8.57 na 12, moja kwa kila amri. Ruka 10, maana itagongana na yale mawimbi ya macho yaliyofumbwa.

Hatua ya 3: Programu. Chuja umeme wa ukutani (hezi 50 au 60). Kila nusu sekunde, pima sekunde 2 zilizopita: ni masafa gani yana nguvu zaidi? Amri ipite tu vipimo vitatu mfululizo vikikubaliana. Mtu akiuma meno, mistari yote huruka. Kipimo hicho kitupe.

Hatua ya 4: Mashine. Kompyuta iombe tu, kwa Modbus (lugha ya mawasiliano ya mashine za viwandani). PLC, kompyuta ndogo ya kiwandani inayoendesha mkanda, ndiyo iamue kwa kuangalia vitambuzi vyake. Kompyuta itume ishara ya uhai kila nusu sekunde, na ikikatika, mkanda usimame.

Kitufe cha dharura kiwe na waya wake, kikate umeme wa mota bila kupitia kompyuta, na mtu wa pili asimame karibu nacho. Usikubali amri ya "simama" ya ubongo ichukue nafasi yake. Vipimo vitatu ni kama sekunde 3 (2 za kipimo cha kwanza, kisha nusu sekunde kwa kila kimoja cha viwili vinavyofuata), na mkanda unaokwenda sentimita 20 kwa sekunde utakuwa umesogea sentimita 60 kabla haujatii. Chukua tepu, pima urefu huo kwenye mkanda wako, kisha weka uzio mbali kuliko hapo.